Mnapoisifu mitandao, ulizeni mlango wa kutokea uko wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala yenu ya teknolojia iliyosimulia jinsi intaneti ilivyoacha kuwa mahali pa kusoma tu, ikawa mahali ambapo kila mtu anaandika, anapakia picha, anatoa maoni na kusahihisha wenzake. Makala ilikuwa nzuri na mwandishi ameifanyia kazi. Ila kuna sentensi moja imenikaa kooni: kwamba kampuni kubwa za mitandao ndizo zilizowapa watu wa kawaida sauti. Naipinga, na kwa kuwa nimestaafu na muda ninao, nitaipinga kwa kirefu. Barua ikizidi, kateni mnapotaka, isipokuwa pale ninapozungumzia leseni, maana hapo ndipo paliponifanya nishike kalamu.

Nilikuwa mkutubi. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliipitisha katika chumba cha katalogi, kati ya droo ndefu za kadi. Kila kitabu kilichoingia nilikipa namba, nikakichagulia vichwa vya mada viwili au vitatu kutoka katika orodha iliyokubaliwa, nikakiandikia kadi. Msomaji hakuwa na neno katika jambo hilo. Kama kitabu cha ufugaji wa nyuki kimewekwa chini ya kilimo, na yeye akakitafuta chini ya wadudu, hiyo ilikuwa shida yake. Nayasema haya mjue kwamba habari ya kila mtu kujiandikia sikuzaliwa nikiishabikia. Mimi nilikuwa upande wa wenye kalamu.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu makala iliruka mwanzo. Tim Berners-Lee alipoitengeneza wavuti pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, kivinjari chake cha kwanza, cha mwaka 1990, kilikuwa pia chombo cha kuandikia. Humo humo unamosomea ukurasa, unaweza kuubadili na kuuunganisha na mwingine. Tatizo ni kwamba kilifanya kazi katika kompyuta za NeXT, na waliokuwa nazo walikuwa wachache. Mwaka 1993 kikatoka Mosaic, kivinjari cha Chuo Kikuu cha Illinois, kilichoipeleka wavuti kwa watu wengi: kiliweka picha katikati ya maandishi, kikakubali kompyuta za kawaida, lakini sehemu ya kuhariri hakikuwa nayo. Umma ukaipokea wavuti ikiwa tayari imekatwa mkono wa kuandikia. Yaliyotokea katika miaka ya 2000, ambayo makala yenu inayaita mapinduzi, kwa kiasi kikubwa yalikuwa ni kuurudisha mkono huo.

Na hata kabla haujarudi, watu hawakukaa kungoja. Tangu 1990 wapenzi wa filamu walikuwa wakikusanya orodha za waigizaji na waongozaji katika vikundi vya majadiliano vya Usenet. Orodha hizo ndizo zilizozaa IMDb, kanzidata ya filamu ya mtandaoni, ambayo Amazon iliinunua mwaka 1998. Katikati ya miaka ya 1990 tovuti ya GeoCities ilianza kugawa kurasa za bure, na watu wakazijaza mashairi, picha za wanyama wao na orodha za nyimbo, kwa rangi zinazoumiza macho. Tarehe 25 Machi 1995 Ward Cunningham akafungua wiki ya kwanza, tovuti ya waandishi wa programu ambayo mgeni yeyote aliweza kubadili ukurasa wowote. Mwaka 2000, na hili linawahusu ninyi watu wa magazeti, OhmyNews, gazeti la mtandaoni la Korea Kusini, lilianza na waandishi raia 727 waliokuwa na kazi zao nyingine. Jina la Web 2.0, yaani wavuti ya watu kujiandikia, lilitumiwa na Darcy DiNucci mwaka 1999, likaja kuvuma baada ya mkutano ulioandaliwa na Tim O'Reilly na wenzake San Francisco, Oktoba 2004. Wakati huo mambo yenyewe yalishakuwa yanatembea.

Sifa ya kampuni naitoa pale inapostahili, tena bila kinyongo. Zamani kila ukibofya, ukurasa mzima ulifutika na kuletwa upya, na kuandika ndani ya kivinjari kulikuwa adhabu. Njia ya kuvuta kipande kidogo tu cha data bila kuuondoa ukurasa ilikuja na Internet Explorer 5 mwaka 1999. Microsoft ilikuwa inaihitaji ili watu wasome barua pepe za Outlook katika kivinjari. Gmail ya Aprili 2004 na Google Maps ya Februari 2005 zikaonyesha ulimwengu njia hiyo inaweza kufanya nini. Bila ufundi huo tusingekuwa na nusu ya tunavyovitumia leo. Lakini ufundi huo ulifungua dirisha tu. Hakuna kampuni iliyoandika tulichokwenda kukisoma dirishani.

Chukueni Twitter, siku hizi X, ambayo makala iliisifu kwa kubuni alama ya reli (#) inayotangulia neno la mada. Haikuibuni. Chris Messina, ambaye hakuwa mwajiriwa wake, aliipendekeza tarehe 23 Agosti 2007 kwa ujumbe mmoja mfupi, watu wakaizoea, na kampuni ikaanza kuzigeuza alama hizo kuwa viungo mwaka 2009. Kumjibu mtu kwa kutanguliza @ mbele ya jina lake, na kurudia maneno ya mtu kwa kuandika RT, nayo yalikuwa mazoea ya watumiaji kabla hayajawa vitufe. Kampuni ilitazama watu wanafanya nini, ikajenga juu yake. Ni busara ya biashara na siilaumu. Naomba tu tuseme lilivyokuwa.

Jambo lililonigusa mimi binafsi, hata hivyo, ni lebo. Flickr, tovuti ya kushirikishana picha, ilipoanza mwaka 2004 ilimruhusu mtu kuipa picha maneno yoyote anayoyataka, bila orodha rasmi na bila mtaalamu wa kuyaidhinisha. Wakutubi tulikuwa na mashaka, na baadhi ya mashaka yangu ninayo hadi leo: mmoja ataandika ndege akimaanisha kunguru, mwingine ataandika ndege akimaanisha chombo cha abiria, na wa tatu ataandika jina la kasuku wake. Ukitafuta, unaletewa wote watatu. Hata hivyo Januari 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo orodha yake ya vichwa vya mada imeongoza kazi ya wakutubi katika nchi nyingi, ilipakia Flickr picha zipatazo 3,000 kutoka mikusanyo miwili: picha za habari za kampuni ya Bain, za mwanzoni mwa karne ya 20, na picha za rangi za miaka ya 1930 na 1940. Zile za Bain nyingi zilikuja na maelezo yaliyoandikwa juu ya negativu yenyewe, pengine jina la ukoo na basi.

Watu wakaingia. Huyu anatambua jengo, yule anapekua magazeti ya zamani na kuleta tarehe ya tukio, mwingine anajua jina la kwanza la mtu aliyekuwa na jina la ukoo tu. Na hapa ndipo ninapowavulia kofia wenzangu wa maktaba ile: hawakumeza kila kilichoandikwa, wala hawakukidharau. Walikikagua, na kilichothibitika wakakiingiza katika katalogi rasmi, wakitaja kwamba kimetoka kwa watu wa Flickr. Ripoti yao ya mwaka huo huo ilisema rekodi zaidi ya 500 zilikuwa zimeboreshwa kwa njia hiyo. Mtu asiyeijua kazi hii ataona ni chache. Aliyewahi kumtafuta mwanamieleka wa mwaka 1912 kwa jina la ukoo peke yake anajua kila rekodi ilikula saa ngapi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwenyeji wa mara hii aliandika pembeni kwamba aliyemponya ni mgeni.

Baada ya kustaafu nami nikawa mgeni wa namna hiyo. Nilianza kupiga picha mihuri ya maktaba, ile ya wino inayogongwa kwenye ukurasa wa jina la kitabu, mingi ya mviringo, mingine ya umbo la yai, yenye majina ya maktaba ambazo pengine hazipo tena. Vitabu vya zamani huzunguka, na kimoja chaweza kubeba mihuri ya maktaba tatu, wa mwisho umegongwa juu ya wa kwanza kama vile kuufuta. Nilizipandisha picha hizo kwenye tovuti moja ya kushirikishana picha, ambayo sitaitaja, na kila moja nikaiandikia: kitabu gani, kimechapwa wapi, wino wa rangi gani, muhuri umegongwa ukurasa upi. Wakaja watu nisiowajua. Mmoja alikuwa na muhuri huo huo wenye herufi moja tofauti, tukajua maktaba ile iliwahi kuchongesha upya. Mwingine alisoma maneno yaliyofifia ambayo miwani yangu ilishindwa. Pole pole chini ya picha zangu pakaota katalogi ambayo hakuna maktaba ingeilipia mshahara.

Halafu ikaja barua pepe: tovuti inafungwa, wenye akaunti wapakue vitu vyao kabla ya tarehe fulani. Nikapakua. Picha zilikuwemo zote, ila badala ya majina zimepewa namba ndefu. Maelezo yangu yalikuwa katika faili jingine, yamepangwa kwa namba zisizolingana na zile za picha. Maneno ya wale watu wengine hayakuwemo hata moja, kwa kuwa kwa hesabu ya tovuti yalikuwa mali ya akaunti zao. Niliandika kuuliza; nikajibiwa na mashine kwamba wananishukuru kwa kuwa sehemu ya familia yao. Mhariri, picha iliyotengwa na rekodi yake haimfai mkutubi. Bado najitahidi kuoanisha namba, lakini yule aliyejua habari ya herufi moja hayupo tena popote ninapoweza kumfikia.

Ndiyo maana sikubali kwamba tulipewa sauti. Tulipewa mahali pa kuiweka, na mahali pana mwenyewe. Kinachonishughulisha ni masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo siku ulipofungua akaunti, kwa sababu humo ndimo mnamoamuliwa kama siku ya kuhama utabeba chochote.

Tazameni mifano miwili iliyokwenda njia tofauti. Wasomaji wa umri wangu watakumbuka kuweka CD ya muziki kwenye kompyuta na kuona majina ya nyimbo yanatokea yenyewe. Kwa kawaida CD haikuwa na majina hayo ndani yake. Programu ilipima urefu wa kila wimbo, ikatengeneza namba kutokana na vipimo hivyo, ikaiuliza kanzidata iitwayo CDDB kama inaijua. Kama haikuijua, uliombwa uandike mwenyewe, na wewe, kwa roho safi, uliandika jina la mwimbaji, la albamu na la kila wimbo, ili atakayefuata asihangaike. Kanzidata ile ilijazwa hivyo, na mikono ya watu wasiolipwa. Kisha ikawa ya kampuni, ikabadilishwa jina kuwa Gracenote, na programu zilizotaka kuitumia zikatakiwa kuwa na leseni ya kampuni. Mwaka 2008 Sony iliinunua kwa dola milioni 260. Waliochapa majina hawakuvunjiwa ahadi yoyote iliyoandikwa, maana hapakuwa na iliyoandikwa. Walichoweza kufanya ni kuanza upya, na wengine walifanya: freedb, kisha MusicBrainz, safari hii wakaweka wazi tangu mwanzo kwamba data ni ya wote.

Mfano wa pili ni Wikipedia, nami naujua kwa ndani kwa sababu huko ndiko ninakotumia asubuhi zangu siku hizi, nikiongeza vyanzo na kunyoosha tarehe. Ilizaliwa Januari 2001 pembeni ya Nupedia, kamusi elezo ya mtandaoni ambayo makala zake ziliandikwa na wataalamu na kupita hatua saba za mchujo. Mchujo ulikuwa mzuri kiasi kwamba hadi Nupedia inafungwa makala zilizopita hazikufika thelathini. Wikipedia, iliyomwachia kila mtu mlango, ilimaliza mwaka wake wa kwanza ikiwa na makala za Kiingereza karibu 20,000. Nyingi zilikuwa mbovu. Lakini kila badiliko huhifadhiwa katika historia ya ukurasa, na tarehe yake na jina au namba ya aliyelifanya, na toleo lolote la zamani laweza kurudishwa kwa kubofya mara chache. Aliyeharibu hutumia dakika. Anayerekebisha hutumia sekunde. Mabishano hufanyika kwenye ukurasa wa majadiliano, hadharani, na wakabidhi wanaoweza kufunga ukurasa au kumzuia mtu huchaguliwa na wenzao. Nimeona huko mabishano ya siku nyingi juu ya koma, na nimeshiriki mengine. Kwa mtu wa katalogi ni pepo.

Ila kinachoifanya Wikipedia itofautiane na zile nyingine ni kitu kisichoonekana katika ukurasa: leseni. Unachokiandika kinabaki chako, lakini umeruhusu mtu yeyote akinakili, akibadili na hata akiuze, mradi awataje waandishi na naye atoe ruhusa hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba wanaosimamia tovuti wakikosea, waandishi wanaweza kubeba kazi yote wakahamia kwingine. Hii imewahi kutendeka. Februari 2002 waandishi wengi wa Wikipedia ya Kihispania, waliposikia kuna fikra ya kuweka matangazo ya biashara, waliondoka na makala zao wakaanzisha kamusi elezo yao, ikapewa hifadhi na Chuo Kikuu cha Seville. Wikipedia ya Kihispania ikadumaa kwa muda. Mwaka huo huo Wikipedia ikahamia anwani ya .org, na mpaka leo ninapoandika haijauza matangazo.

Waandishi wa mwongozo wa wasafiri uitwao Wikitravel walifanya vivyo hivyo. Kampuni iliyoinunua tovuti yao mwaka 2006 ilipozidi kuwachosha, Wajerumani walitangulia kutoka, na mwaka 2012 wenzao wa Kiingereza wakafuata, wakiwa wamebeba kurasa walizoziandika. Kampuni ilifungua kesi dhidi ya watu wawili wa kujitolea, haikufika mbali. Januari 2013 Wikivoyage ilizinduliwa rasmi chini ya taasisi inayoiendesha Wikipedia. Pima hilo na yaliyowapata wanablogu wa tovuti ya habari ya Huffington Post. Wao waliandika bila malipo kwa miaka, tovuti ikauzwa kwa kampuni ya AOL mwaka 2011 kwa dola milioni 315, wakaenda mahakamani kudai fungu lao, na mwaka uliofuata kesi ikatupwa kwa sababu hakuna aliyewaahidi malipo. Kwa sheria sioni jaji angesema nini kingine. Ndiyo maana nasema mambo haya huamuliwa mlangoni wakati wa kuingia.

Wakati mwingine, kusema kweli, kelele peke yake hutosha. Yahoo ilipoinunua GeoCities mwaka 1999 iliandika masharti mapya yaliyojipa haki kubwa mno juu ya kila kilichowekwa humo. Wenye kurasa wakasusa, magazeti yakaandika, na kampuni ikayalegeza masharti. Lakini kelele haikuweza kuizuia isiifunge GeoCities Oktoba 2009. Kama si watu wa kujitolea wa Archive Team na wenzao wa Internet Archive, wanaohifadhi kurasa za wavuti, kukesha wakinakili, zile rangi za kuumiza macho zingekuwa zimepotea zote, na pamoja nazo ushahidi wa jinsi watu wa kawaida walivyoandika walipopata nafasi yao ya kwanza.

Najua nitakayojibiwa. Seva zina gharama, na kampuni si mashirika ya huruma. Kweli. Na kweli pia kwamba mlango ulio wazi huingiza wahuni: Juni 2005 gazeti la Los Angeles Times liliwaalika wasomaji waibadili tahariri yake kuhusu vita vya Iraq kwa mtindo wa wiki, na ndani ya siku tatu likalazimika kufunga kwa sababu ya picha chafu. Lakini gazeti lile lilifungua mlango bila kuwa na watu wa kutosha wa kukaa mlangoni usiku. Wanaofagia ni watumiaji pia, na ufagiaji ni sehemu kubwa ya kazi yao. Nao si wengi. Jakob Nielsen, mtafiti wa jinsi watu wanavyotumia tovuti, alikadiria mwaka 2006 kwamba katika kila watu mia wa jumuiya ya mtandaoni, tisini husoma tu, tisa huchangia mara moja moja, na mmoja ndiye anayebeba sehemu kubwa ya kazi. Ni makadirio, si sheria ya maumbile, ila yanalingana na ninayoyaona. Huyo mmoja akiondoka mikono mitupu, tovuti imepata hazina. Akiweza kuondoka na kazi yake, tovuti italazimika kumsikiliza.

Suala hili limekuwa la haraka zaidi tangu kampuni za akili mnemba zianze kununua maandishi ya watu kwa jumla. Februari 2024 ilitangazwa kwamba Reddit, tovuti ya majadiliano, imefanya mkataba na Google wa kutumia yaliyoandikwa na watumiaji wake. Mei mwaka huo huo Stack Overflow, ambako tangu 2008 waandishi wa programu wamekuwa wakijibiana maswali bila malipo, ilitangaza mkataba na OpenAI, kampuni yenye ChatGPT. Baadhi ya watumiaji walijaribu kufuta au kubadili majibu yao kwa hasira, wakasimamishwa. Majibu yao yako chini ya leseni huria inayodai mwandishi atajwe. Mashine ikishasaga mamilioni ya majibu na kutoa moja, nani atatajwa, na vipi? Mimi niliyeandika kadi kwa mkono naona hili ni swali la katalogi, na linaumiza kwa sababu watu wa leseni hawakuwahi kuliwaza kwa namna hii walipoziandika.

Kuna yaliyokwisha kufanyika. Facebook iliweka njia ya kupakua data zako mwaka 2010, Google mwaka 2011, na tangu tarehe 25 Mei 2018 sheria ya Umoja wa Ulaya inampa mtu haki ya kupewa data zake katika muundo ambao mashine nyingine inaweza kuusoma. Ni hatua. Lakini ninyi mmesikia yaliyonipata na mihuri yangu: haki ya kupakua faili si sawa na haki ya kuondoka na kilichokuwa na maana. Mazungumzo yana watu wawili au zaidi, na sheria nyingi zinamtazama mmoja mmoja. OpenStreetMap, ramani iliyochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004, imelitatua hilo kwa kuiweka kanzidata yake nzima mahali ambapo yeyote anaweza kuipakua, si kipande chake yeye tu. Ni faili kubwa kupita kiasi, na karibu hakuna mtu wa kawaida anayelihitaji. Kuwepo kwake kunatosha kuwafanya wanaoisimamia ramani wawe na adabu.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo. Mwandishi wenu wa teknolojia anapoandika habari ya tovuti au programu mpya inayowakaribisha watu kuijaza, mbali na kutuambia ina watumiaji wangapi na nani amewekeza ndani yake, aongeze mistari mitatu. Masharti yanasema yanayoandikwa ni ya nani, na mwenye tovuti amejipa ruhusa ya kuyafanyia nini. Mtu akitaka kuhama, anapewa nini mkononi, katika muundo gani, na maneno ya wenzake yanamfuata au yanabaki. Na tovuti ikifungwa, kuna yeyote mwenye ruhusa ya kuweka nakala. Asijibu kwa kusoma tangazo la kampuni. Afungue akaunti, aandike vitu viwili vitatu, kisha aombe kuondoka, atuambie alichokipata ndani ya faili.

Na kwa kuwa nimegusa masharti, naona hapo chini ya ukurasa wenu wa barua mmeandika kwamba gazeti lina haki ya kufupisha na kuchapisha tena. Ya kufupisha naielewa. Ya kuchapisha tena, ningependa kujua ni wapi na kwa muda gani, maana barua hii nina nia ya kuiweka pia mahali pengine, chini ya leseni huria.

Wenu,
Mkutubi mstaafu